Mnataka kupeleka kambi ya matibabu kijijini kwenu? Anzieni zahanati, tisheti baadaye

Kila mwaka ikifika mwezi wa sita hivi simu zinaanza, "kaka sisi tuna grupu letu la wazaliwa wa huko, tumechangishana, tunataka kupeleka madaktari nyumbani siku mbili watu wapimwe bure, tunaanzia wapi?" Nimejibu hilo swali mpaka nimechoka, sasa naandika mara moja yaishe. Mimi sio daktari, mimi ni yule mtu wa kubeba maboksi na kubishana na wenye magari, nimeshashiriki kambi kadhaa huko kwetu Dodoma vijijini na upande wa Singida, nyingine zilienda vizuri, nyingine aibu tupu, kwa hiyo mengi ya humu nimeyajua kwa kukosea.

Ya kwanza kabisa ndio ilikuwa aibu kuliko zote, na siku ile sisi tulidhani tumefanya maajabu. Tulichanga milioni nne na ushee, tukachapisha tisheti, tukatengeneza bango kubwa lenye picha zetu, tukachukua mpiga picha na madaktari watatu washkaji kutoka mjini, Jumamosi asubuhi tukatua kijijini. Watu walikuja mpaka tukaogopa. Wenye presha tukawapa amlodipine za wiki mbili, tukawaambia "mama hii dawa usiache, ni ya kila siku", tukapiga picha tukaondoka, njiani tunaimba. Baada ya mwezi nikakutana na mganga mfawidhi wa zahanati ile pale stendi, hata salamu haikukolea akaniambia, "Kaka, nyie mkiondoka wagonjwa wenu wanakuwa wangu. Wanakuja wanadai zile dawa za madaktari wa mjini na mimi stoo sina hata kidonge." Akanisimulia bibi mmoja alikuwa anakata kidonge nusu ili zifike mbali, zilipoisha zikaisha, duka lenye hizo dawa liko mjini na boda kwenda na kurudi inazidi bei ya dawa za mwezi mzima. Yaani tulimwambia bibi wa watu ana ugonjwa wa maisha afu tukampa dawa za siku kumi na nne.

Tangu siku hiyo kila ninayemsaidia kupanga kambi namuuliza swali moja kwanza, Jumatatu mkishaondoka huyu mgonjwa anaenda wapi? Kama hamna jibu, bado hamjawa tayari.

Safari ya kwanza ni ya watu wawili, bila bango

Kabla hamjachangisha hata mia, watu wawili waende kijijini siku ya kawaida. Mnafikia ofisi ya mtendaji wa kijiji, mnasaini kitabu cha wageni, mnamsalimia na mwenyekiti, hata kama mwenyekiti ni mjomba wako na jana usiku mlikuwa wote mnakula ugali. Usidharau hicho kitabu, kuna watu waliruka hatua hiyo wakaja kuambiwa mbele za watu kwamba kijiji hakiwatambui.

Afu ndio zahanati. Epukeni siku ya kliniki ya watoto maana mtamkuta nesi mmoja na akinamama sitini. Kaeni na mganga mfawidhi mumuulize, dawa gani zinaisha kwanza? Wagonjwa gani wanarudi rudi? Ukimpa mtu rufaa anaenda wapi na anafikaje? Kuna maji? Usiku mama akijifungua mnatumia taa gani? Mwombe kwa heshima akueleze kitabu cha MTUHA namba 5, ndio rejista ya wagonjwa wa nje, humo utaona kijiji chenu kinaumwa nini hasa. Sisi kuna sehemu tulikuwa tumepanga kubeba dawa za malaria rundo zima, kumbe kwenye rejista malaria ilikuwa chache sana, vifua, kuhara na macho ndio vimejaa. Kanda ya kati sio Kigoma, kila sehemu na mambo yake.

Msiwasahau wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba. Hao wanajua mzee gani hatoki ndani, mtoto gani mlemavu anafichwa, nani aliacha dawa. Orodha ya wahudumu wawili wa kijiji ina faida kuliko tangazo la spika, maana spika inaleta wenye nguvu ya kutembea tu.

Mkishajua shida ndio mnaandika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, yule wote tunamwita DMO. Andikeni nyie ni nani, kijiji gani, tarehe, huduma gani, madaktari ni kina nani na namba zao za usajili wa baraza lao, dawa mtatoa wapi, taka mtazipeleka wapi. Pelekeni mapema, mwezi mmoja na nusu au miwili kabla. Nawasikia watu wanalalamika "urasimu", jamani, huyo DMO ndio mwenye zahanati, siku mkichoma mtu sindano akazimia yeye ndio ataulizwa. Na mara nyingi ana vitu ambavyo hamna, anaweza kuwapa mtaalamu wa macho, mratibu wa kifua kikuu na friji ya kutunzia vitu, na anajua ratiba. Mfano matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa watoto wa chini ya miaka mitano hutolewa nchi nzima mwezi wa sita na wa kumi na mbili, na mashuleni kuna kingatiba ya kichocho na minyoo, sasa nyie mkija na katoni za albendazole mnakuta watoto wamemeza wiki iliyopita, mmepoteza hela bure.

Kama kuna daktari mgeni kutoka nje, hata awe bingwa wa dunia, anahitaji usajili wa muda kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika na kibali cha kufanya kazi nchini. Hiyo msiiache mpaka wiki ya mwisho. Na kama grupu lenu linataka kudumu, kajisajilini kama kikundi kupitia afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, mfungue na akaunti yenye saini tatu, kulaza hela za watu kwenye simu ya mweka hazina mmoja ndio mwanzo wa ugomvi wa ukoo.

Mpime nini, msipime nini

Kanuni ninayoitumia ni hii: msipime kitu ambacho hamna njia ya kukitibu au kumfikisha mtu panapotibiwa.

Presha. Kila kambi inapima presha na wengi wanaipima vibaya. Mzee katembea kilomita nane juani, kasimama foleni masaa mawili, kabanwa mkojo, anakaa tu mnamfunga mashine, inasoma 168 kwa 95, mnamwambia ana presha. Anarudi nyumbani na hofu ya kufa. Wekeni mabenchi kivulini, mtu apumzike angalau dakika tano, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza, mpime mara mbili, na muwe na mikanda ya saizi mbili maana mama mwenye mkono mnene ukimpima na mkanda mdogo inasoma juu. Aliyezidi 140 kwa 90 msimtangazie ugonjwa siku hiyo hiyo, mwandikieni kwenye daftari lake arudi zahanati apimwe tena siku nyingine, labda awe amepanda sana au ana dalili mbaya, huyo daktari anaamua pale pale. Kwa wale watakaoanza dawa, hela ya dawa za miezi sita ndio iwe mstari wa kwanza wa bajeti yenu. Ya kwanza kabisa. Kabla ya mafuta ya gari. Na dawa hizo zikae zahanati, mgonjwa azichukue pale kila mwezi, ndio azoee kurudi na mganga amjue.

Sukari ni hivyo hivyo ila angalieni vile vijiti vya kupimia, vinaharibika kwa joto, ukivisahau kwenye dashibodi ya Land Cruiser Dodoma hapa saa nane mchana hayo majibu ni ya kubahatisha. Ukipima mtu alishakula uji na viazi andika kabisa kwamba alikuwa ameshakula. Anayekojoa sana, ana kiu, anapungua, na kipimo kimefika 11.1 mmol/L kwenda juu, huyo msimwachie kikaratasi, mpelekeni.

Miwani ya kusomea! Hapa nitakaa kidogo maana ndio huduma ninayoipenda kuliko zote. Mtu akishafika arobaini na kitu macho ya karibu yanaanza kugoma, mjini tunanunua miwani kwa machinga maisha yanaendelea, kijijini fundi cherehani anaacha kazi kwa sababu haoni tundu la sindano. Mama anashindwa kuchambua mawe kwenye mchele, anadhani ndio uzee. Miwani hizi zinaanzia namba +1.00 mpaka +3.50 hivi, ukinunua kwa jumla ni bei ya soda chache, na kumpima mtu unahitaji karatasi yenye maandishi ya saizi tofauti na mtu aliyefundishwa na mtaalamu wa macho kwa muda mfupi. Kwa wasiosoma tunatumia uzi na sindano, akipitisha uzi basi hiyo ndio namba yake. Niliona mzee mmoja katekista amevaa, akafungua Biblia yake ya Kigogo, akanyamaza muda mrefu, afu akaanza kutusomea, tukashindwa kuita namba inayofuata.

Ila asiyeona mbali, mwenye jicho jeupe jeupe, au mwenye kope zinazokunjika kwa ndani na kukwangua jicho, huyo sio wa miwani. La kwanza mara nyingi ni mtoto wa jicho, la pili ni vikope, trakoma, ugonjwa ambao Dodoma tunaujua toka enzi za mababu, watu wa Kongwa wanaelewa. Yote mawili yana upasuaji, lakini hiyo ni kazi ya mratibu wa macho wa wilaya na timu yake na siku zao za kufuatilia, kwenye hema lenu hapana. Nyie kusanyeni majina na nauli.

Saratani ya mlango wa kizazi: kipimo cha siki kwa akinamama wa miaka 30 mpaka 50 ni kizuri mno, kinatoa majibu pale pale, ila kinataka chumba chenye mlango unaofungwa, nesi aliyefundishwa, na mashine ya kutibu mabadiliko ya awali siku hiyo hiyo au tarehe kamili ya kwenda kutibiwa. Kama chumba ni shuka limefungwa kwenye mti, acheni. VVU usipime bila mshauri nasaha na faragha, kijiji ni kidogo, ukimwona mtu katoka hema lile analia stori inafika kisimani kabla yake. Mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili mchukueni makohozi kupitia mratibu wa kifua kikuu, dawa zake ni bure zahanati.

Meno, watu wanayapenda, foleni ya kung'oa haiishi. Mkiwa na daktari wa meno na njia ya kuua vijidudu kwenye vifaa kweli kweli fanyeni, mkiwa na koleo mbili na ndoo ya spiriti msithubutu.

Dawa na vifaa

Nunueni ndani ya nchi, kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa, na risiti. Orodha itoke kwa mganga mfawidhi na DMO, sio kwa rafiki yenu mwenye famasi ambaye ana mzigo wa kusukuma. Angalieni tarehe ya kuisha. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wake kwamba dawa za msaada zikifika nchini ziwe na angalau mwaka mmoja mbele, na mimi naona hata za kununua hapa hapa mfuate hivyo hivyo.

Wenzetu mlioko nje, najua mnapenda sana kutuma kontena. Nawaheshimu lakini nisikilizeni. Dawa kuingia nchini zinataka kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, mabaki ya dawa za watu nusu chupa hayaruhusiwi na hayana maana, na vifaa vya umeme vya Marekani vinatumia volti 120 wakati huku ni 230. Kuna kituo kimoja kilipokea mashine nzuri ya kuchemshia vifaa, siku ya uzinduzi ikachomekwa moja kwa moja ukutani, ikatoa moshi mbele ya mgeni rasmi. Imewekewa kitambaa cha kufuma juu, inawekwa vikombe vya chai. Kabla hujatuma kitu uliza nani ataitengeneza, spea ziko wapi, na maelekezo yake ni ya lugha gani. Mara nyingi ile hela ya kusafirisha kontena peke yake ingenunua vitu vyote hapa Kariakoo na chenji ikabaki.

Zikibaki dawa mwisho wa kambi zinakabidhiwa zahanati kwa maandishi, ziingie kwenye leja, kamati ya zahanati ishuhudie. Zisilale kwa mwenyekiti hata usiku mmoja. Simtuhumu mtu, ila zisilale.

Hela, na lile neno posho

Tuongee ukweli. Mtumishi wa zahanati mnamtoa mapumziko yake ya Jumamosi anafanya kazi saa moja mpaka saa kumi na mbili, mnategemea afanye kwa mapenzi ya Mungu wakati nyie mmelala lodge na mmekula kuku? Wekeni posho ndogo inayolingana kwa wote, nesi, mhudumu wa jamii, mkalimani, mlinzi wa foleni, na iandikwe kwenye bajeti wazi wazi. Kinacholeta shida ni kumpa mmoja elfu hamsini kimya kimya afu mwingine akasikia. Na kama kigogo wa wilaya anataka posho ya "kuja kuona tu", mkaribisheni chai.

Gari kodini lenye dereva anayeijua hiyo barabara. Chakula chenu lipieni akinamama wa kijiji wapike, hela ibaki pale. Tisheti ruka. Nimeona bajeti ambayo tisheti na bango vilizidi dawa na watu wanaipitisha bila hata kukohoa, kama mnataka sare vaeni kitambaa cha rangi moja mkononi imeisha hiyo.

Siku yenyewe

Kanda ya kati mvua ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa nne, watu wako shamba na makorongo yanajaa, kwa hiyo nzuri ni baada ya mavuno, mwezi wa sita mpaka wa nane. Angalieni siku ya mnada. Wengine wanasema siku ya mnada watu ni wengi, ni kweli, ila wengi wao wamekuja kuuza mbuzi na jioni wameshaonja, presha ya mtu aliyeonja usiiamini. Mwaka wa uchaguzi kaeni mbali kabisa na miezi ya kampeni, la sivyo mtashtukia kambi yenu ina mgombea.

Foleni ndio itawaumbua. Toeni namba kuanzia jioni ya jana yake kupitia mabalozi, kila kitongoji na idadi yake, wazee na wajawazito na wenye watoto wachanga mstari wao peke yao. Daktari mmoja akifanya kazi ya kueleweka haoni zaidi ya watu hamsini kwa siku, sasa mkiwa watatu mnajua mwisho wenu ni mia na hamsini, msitangaze kata nzima. Kuwafukuza watu mia mbili saa kumi na mbili jioni, wametembea toka usiku, ni kitu nimekifanya mara moja na sitaki tena.

Kila mtu aje na daftari lake la matibabu, asiye nalo apewe (nunueni katoni, ni rahisi), kila kitu kiandikwe humo kwa mwandiko unaosomeka, na wakati huo huo mtu wa zahanati anaingiza kwenye rejista yao. Mkiandika kwenye makaratasi yenu mkaondoka nayo mjini mmeondoka na historia ya ugonjwa wa watu.

Mkalimani ni lazima. Vijana wanaongea Kiswahili lakini bibi wa miaka sabini akieleza maumivu yake kwa Kiswahili anaeleza nusu. Daktari akianza tu na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, yule bibi anakaa vizuri kwenye kiti. Ila mkalimani asiwe mtoto wake wala jirani, kuna mambo mama hawezi kusema mbele ya mwanae.

Sindano na vijiti vyote vinaingia boksi la usalama, na boksi linaenda panapo kichomea taka, muulizeni DMO wapi. Maji ya kunywa na ya kunawa, vyoo viwili vyenye maji. Kama ni banda lisiwe na bati juu, mtaungua.

Picha: ombeni ruhusa, na mtu akikataa asikose huduma. Mgonjwa amevuliwa nguo, mtoto mwenye utapiamlo, mama anayelia, hizo hapana hata kama mfadhili kaziomba. Toka 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na taarifa za afya ya mtu ni kati ya zile zinazolindwa zaidi, lakini hata isingekuwepo, fikiria ni mama yako yuko kwenye stetasi ya watu.

Rufaa

Kambi nyingi zinafia hapa. Mnampa mtu karatasi ya kwenda hospitali ya mkoa, anaikunja anaiweka kwenye Biblia, basi. Tulivyokuja kuwapigia simu wengi hawakwenda, na sababu haikuwa ukaidi, ni nauli, na kuogopa ile hospitali kubwa yenye madirisha mengi usijue pa kuanzia. Sasa hivi tunatenga hela ya rufaa mwanzoni kabisa pamoja na ile ya dawa za miezi sita, tunawapeleka kwa makundi, Noah moja watu sita, siku iliyopangwa na hospitali, na mhudumu wa afya wa kijiji anaenda nao mpaka dirishani. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wana msamaha wa matibabu kisera, ila wanahitaji utambulisho, kwa hiyo siku hiyo hiyo ya kambi mtendaji akae na muhuri wake awaandikie. Hii peke yake imesaidia kuliko dawa zote tulizowahi kubeba.

Kama hela ni ndogo msifanye kambi

Na hili watu hawapendi kulisikia. Mkiwa na milioni moja na nusu, mbili, kambi itakuwa ya kubabaisha. Kuna vitu vya hela hiyo ambavyo zahanati itavitumia kila siku. Simtenki ya lita 5,000 na mifereji kwenye bati la zahanati, wajawazito wasiambiwe waje na ndoo ya maji. Taa za sola za chumba cha kujifungulia, na betri iwe na mtu wa kuikagua. Mashine mbili nzuri za presha na betri za akiba. Kuwalipia bima kaya zisizojiweza, ile CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, sasa mambo yanahamia bima ya afya kwa wote kwa sheria ya 2023, kwa hiyo ulizeni halmashauri kiwango cha sasa kabla hamjatangaza lolote. Na kitu cha bure kabisa, chapisheni namba 115 mkaibandike kila nyumba yenye mjamzito, ni ya m-mama, unapiga bila salio na wanatuma gari kumpeleka mjamzito au kichanga chenye shida. Nimeingia vijiji ambavyo nusu ya akinamama hawakuwa wameisikia.

Kisima? Naulizwa sana. Msichimbe kabla ya kuongea na RUWASA wa wilaya, wakala wa maji vijijini, wao ndio wanajua wapi kulishachimbwa maji yakatoka ya chumvi. Maji yapimwe maabara kabla ya uzinduzi, kanda ya kati na kule Arusha na Kilimanjaro kuna floraidi, watoto wanakua na meno ya kahawia na ikizidi inaharibu mpaka mifupa, kuchemsha hakuitoi. Na kabla pampu haijafungwa kiwepo chombo cha watumia maji chenye akaunti, bei ya ndoo iliyokubaliwa kwenye mkutano wa kijiji, na fundi wa hapo hapo. Pampu iliyokufa kwa kukosa wosha ya mpira nimeiona, imezungushiwa miba, mbuzi wamelala kivulini kwake.

Baada ya hapo

Ndani ya wiki mbili bandikeni kwenye ubao wa ofisi ya kijiji hesabu zote, tulipata ngapi, tulitumia ngapi, dawa zipi zimebaki zahanati. Kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Hiyo hiyo muitume na kwa DMO na kwenye grupu. Baada ya miezi mitatu wale wawili wa safari ya kwanza warudi, tena bila bango, wakae na mganga mfawidhi na yale majina ya wenye presha, mmoja mmoja, nani anakuja nani kaacha.

Sisi siku hizi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna mtu wa zamu anampigia yule mganga mfawidhi, yule yule wa stendi. Tunasalimiana, tunauliza watoto, afu swali ni moja tu: amlodipine zimebaki boksi ngapi? Akisema mbili, Jumatatu mzigo unapanda basi.